Chui wa Chumba cha Uani

Awadhi alikuwa anaficha kitu katika chumba cha uani, na kama balozi wa nyumba kumi asingekifichua mapema, wangefungwa wote wawili. Hivyo ndivyo Onesphory, balozi mwenyewe, alivyoliona jambo lile. Ilikuwa mwaka themanini na tatu, wahujumu uchumi wanasakwa mji mzima, na balozi wa mtaa wa pili alikuwa amechukuliwa kwa sababu tu sukari ilikutwa kwa jirani yake. Onesphory alikuwa Mchaga mwenye duka Kariakoo. Alijua watu wanamsubiri ateleze.

Dalili hazikumpa usingizi. Awadhi alikuwa dereva wa lori, anaishi peke yake katika nyumba aliyorithi kwa mama yake, lakini kila siku alirudi na nyama, wakati wenye watoto sita wanatoka buchani na vikapu vitupu. Alikuwa anaingiza maranda ya mbao kwa magunia. Bi Sitara, jirani wa ukuta mmoja, alisema anasikia kukwaruza. Onesphory akamwambia palipo na nafaka pana panya. Paka wa mtaa wakatoweka. Akasema wamekula sumu ya hao panya. Harufu ilipozidi, akasema ni ngozi za magendo.

Halafu Awadhi akaja dukani mwenyewe.

"Mangi, nataka barua yako."

"Barua ya nini?"

"Ya chui."

Wateja wawili waligeuka. Onesphory aliweka chini kijiko cha kupimia chumvi.

"Nilimwokota Mikumi," Awadhi akasema, "mama yake kagongwa na gari. Alikuwa mdogo kama paka. Sasa amekua. Nimekwenda kwa watu wa wanyamapori, wakaniambia mnyama mkali hafugwi bila kibali, na kibali kinaanzia kwa balozi. Wewe andika tu kwamba unanijua na unajua ninapokaa. Bwana nyama atakuja kukagua, nimhamishie Mbagala kwenye kizimba cha chuma. Mlango wangu ule ni wa mbao, Mangi. Hautamweza."

"Chui, Kariakoo."

"Ndiyo."

"Ana jina?"

"Kidawa."

"Kidawa! Ameolewa, au tumtafutie mchumba?"

Wateja walicheka mpaka mmoja akajishika kaunta. Awadhi hakucheka.

"Twende ukamwone basi. Sasa hivi, mimi na wewe tu."

Hapo ndipo Onesphory alipojua ametegwa. Aingie peke yake, aoneshwe magunia, apewe moja lake, na akitoka hapo tayari ni mshirika. Na huyo chui alikuwa kinga tu. Babu yake kule Rombo alificha mbege miaka mingi kwa kusema stoo ina swila, na hakuna aliyethubutu kufungua. Sasa huyu alitaka chui wake agongewe mhuri wa chama!

"Siandiki uongo, ndugu yangu."

"Mimi naondoka na lori kwenda Dodoma, keshokutwa nitarudi. Nyama niliyomwachia haitoshi, ndiyo iliyopatikana. Nakuomba, Mangi, usilicheleweshe hili."

"Nenda salama. Msalimie shemeji Kidawa."

Kesho yake asubuhi Onesphory alikwenda kuchukua mgambo wawili: Marcelino aliyebeba mtaimbo, na Abbasi aliyebeba rungu. Mlango wa mbele wa Awadhi ulikuwa na kufuli kubwa, kwa hiyo walipitia uani kwa Bi Sitara, palipokuwa na mbuzi wake amefungwa kamba, wakaruka ukuta. Nusu ya mtaa ikabaki nje ikipigania nafasi ya kuchungulia. Kila mtu alikuwa na kikapu au ndoo, maana sukari ikikamatwa huenda ikagawiwa.

Chumba kilikuwa na mlango wa mbao na komeo lenye kufuli. Ndani kulikuwa na sauti ya msumeno unaokwenda na kurudi.

"Kuna mtu anakata mbao," Marcelino akasema.

"Anatoboa ukuta wa nyuma!" Onesphory akapiga kelele. "Anatorosha mali! Vunja!"

Abbasi alirudi hatua moja. "Balozi, mbona hiyo sauti inapumua?"

"Nimesema vunja!"

Marcelino akachomeka mtaimbo, akakaza. Mlango ulipoachia upenyo, Onesphory alimsukuma kando, akatanguliza mkono wake, ili magunia yasiguswe na mtu kabla yeye hajayahesabu yote.

Sukari haikuwamo. Mlikuwa na maranda, sufuria la maji, na mifupa iliyolambwa ikawa myeupe.

Kidawa alitoka juu ya mtu wa kwanza na wa pili, akaruka ukuta kwa Bi Sitara, akapita katikati ya ndoo na vikapu. Polisi walimkuta Mnazi Mmoja, amejibanza chini ya jukwaa la mikutano, anatetemeka.

Onesphory alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, vile alivyoshikia kalamu. Goti la Marcelino halikunjiki tena. Mbuzi wa Bi Sitara alikufa, na alikuwa na mimba. Awadhi alifungwa miezi minane kwa kufuga mnyama mkali bila kibali. Shahidi wa kwanza alikuwa balozi wake, na habari ya barua hakuulizwa, wala hakuisema. Kidawa, risasi tatu.