Kitufe cha Glasi ya Chai

Kwa miaka kumi na tisa Sumarsih, ambaye wote walimwita Marsih, alikalia meza iliyo mbele ya mlango wa Pak Wiryatmo, na kazi yake ilikuwa kuingiza makaratasi na kuyatoa. Kiwanda kilitengeneza viti vya plastiki, vile vinavyokodishwa kwenye harusi za nusu ya mji wa Solo, Indonesia. Kila aliyetaka kitu, iwe likizo, iwe ngazi mpya ya ghala, aliandika ombi akalipitisha kwa Marsih, na Marsih akalipeleka ndani.

Pak Wiryatmo, yaani Mzee Wiryatmo, mwenye kiwanda, hakuwa na neno "hapana" mdomoni. Si kwa upole wa moyo, msije mkadhani. Mzee alikuwa mkaidi wa kupigiwa mfano. Ila mtu aliyelelewa vizuri hamkatalii mwenzake usoni, basi. Karatasi aliyoikubali aliitia saini papo hapo. Ile asiyoitaka aliipokea kwa mikono miwili, akasema nzuri sana, nzuri sana, kisha akailaza mezani na juu yake akaweka glasi yake ya chai. Jioni Marsih aliitoa ikiwa na duara la kahawia, akamrudishia mwenyewe bila neno. Kiwandani walisema fulani kapata duara, na mambo yaliishia hapo. Giyarto, mkuu wa mashine za kumimina plastiki, aliomba mashine ya karaoke kila mwaka. Alikuwa na maduara saba, kayabandika ukutani kama vyeti.

Halafu Anindya akarudi kutoka Melbourne. Huyu ni binti pekee wa mzee, shule kasoma bweni Semarang, chuo kasomea ng'ambo, miaka sita hakukanyaga kiwandani. Siku ya tatu tu alisimama mbele ya meza ya Marsih akiwa na laptopu kifuani, akamwita Bu, yaani mama.

"Bu Marsih, karne gani hii tunatembeza makaratasi? Siku hizi kuna majukwaa ya kujitengenezea programu. Unavuta visanduku kwenye skrini, unaviunganisha, mchana una mfumo. Huandiki hata mstari mmoja."

"Na anayevuta ni nani, Mbak?" Marsih aliuliza, akimwita dada kwa adabu.

"Wewe! Nimepata matatu. Uyajaribu, kila moja wiki yake, uyalinganishe, uniandikie lipi linatufaa. Nani mwingine anaijua njia ya maombi kama wewe?"

Marsih hakuwa mjinga. Alikuwa ameambiwa, kwa adabu na kwa tabasamu, achague kitakachomng'oa. Maombi yakianza kupita kwenye simu, meza ya nini? Wasiokuwa na meza walitupwa ghala la Kartasura, wakaokote viti vyenye ufa mpaka wastaafu. Lakini ukimkabidhi Marsih kazi ataifanya vizuri hata kama inamuumiza; huo ndio ugonjwa wake tangu shule ya msingi. Akachukua jedwali alilopewa, lenye safu za kasi, bei, simu na idhini, akainoa kalamu yake.

Wauzaji walikuja na zawadi. Wa jukwaa la Kilat walileta miavuli. Wa Serambi walileta keki ya tabaka, tamu kweli, Marsih alikula vipande vinne na hakuandika popote kwenye jedwali. Wa Bata hawakuleta kitu ila Bonar, Mbatak wa Medan, kabila la watu wasemao wazi, mwenye sauti ya kuitia watu walio ng'ambo ya mto.

"Sema kweli, Bu," Bonar alinguruma, "hao wenzangu wameshakudanganya mara ngapi?"

Wiki ya kwanza ikawa ya Kilat, na kwa kasi hakuna wa kuligusa. Kufika saa nne asubuhi Marsih alikuwa ameunda fomu yake ya kwanza, mwenyewe, na alitamani kumpigia mtu simu amwambie. Ombi lilimfikia Pak Wiryatmo kwenye simu likiwa na vitufe viwili: cha kijani, Kubali; chekundu, Kataa. Mzee akakitazama chekundu kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Yeye, akibonyeze hicho, halafu jina lake liandikwe chini? Akabonyeza kijani. Akabonyeza kijani tena. Kufika Alhamisi watu kumi na mmoja wa mashine walikuwa likizo kwa harusi ileile, mafundi wanamimina viti vya zambarau ambavyo hakuna bibi harusi aliyeviomba, na lori limeshusha mashine ya karaoke.

Giyarto alilia. Machozi ya kweli, mbele za watu. "Miaka saba jamani! Miaka saba!"

Marsih aliwapigia watu wa Kilat kuomba kitufe kimoja zaidi. Wakamjibu vitufe ni viwili dunia nzima, akitaka cha tatu aandike barua Singapore, angoje miezi mitatu.

Serambi likaja na kanuni yake: ombi likikaa siku mbili bila jibu, limekubaliwa. Mzee safari hii alikuwa kajifunza, hakugusa kitu kabisa. Alikaa kimya wiki nzima, ukimya mzito ambao mtu yeyote wa Solo angeuelewa akiwa mlangoni tu, na Serambi likalikubali kila ombi. Giyarto akapata spika.

"Hili ndilo jukwaa, Bu," alisema. "Andika hilo. Hili lina utu."

Bata lilikuwa na kengele. Ombi lisipojibiwa, simu ilipiga kengele kila robo saa mpaka lijibiwe. Jumatatu nzima ililia ofisini kwa mzee, na Marsih akawa anashtuka nayo. Jumanne saa tano ikanyamaza ghafla. Bonar akaja mbio, laptopu mkononi.

"Bu, simu ya bosi imepotea hewani! Kaizima?"

Marsih aliingia ndani, akatoka. "Hajaizima. Ameijibu."

"Ameijibu vipi?"

"Ipo chini ya glasi ya chai. Imelowa kidogo."

Marsih hakuwa amewahi kumweleza mgeni jambo lile, na kwa kweli hakuwa amewahi kumweleza mtu yeyote, maana hakuna aliyehitaji kuelezwa. Lakini huyu Mbatak alikuwa anamtolea macho, basi akamvuta pembeni akamweleza yote: mikono miwili, nzuri sana, glasi, duara. Bonar alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kwetu mtu akikataa, hadi kuku wa jirani wanajua! Sasa Bu, mbona hujaweka glasi?"

"Wapi?"

"Kwenye mfumo! Kitufe cha tatu. Kwani hili dude ni la nini? Hapa huombi ruhusa ya mtu. Vuta kisanduku, chora unachotaka."

Marsih akavuta. Akachora glasi ndogo. Ikibonyezwa, kengele inanyamaza na ombi linarudi kwa mwenyewe bila neno lolote, juu yake limechapwa duara la kahawia. Akaliachia duara lile pengo dogo upande wa kulia, maana glasi ya mzee ilikuwa na mkwaruzo kitakoni tangu zamani. Mzee alipopewa simu mpya aliitazama ile picha kwa muda, akaibonyeza, akasikia kengele imenyamaza, akaibonyeza tena kwa raha zake. Kitufe chekundu kilibaki pale kama pambo.

Ripoti ikaandikwa. Kwa kasi Kilat, kwa bei Serambi, lakini linalofaa ni Bata, kwa sababu mtumiaji anaweza kuongeza kitufe mwenyewe kulingana na desturi za kiwanda. Desturi zipi, hakuandika. Utaandikaje kwenye ripoti kwamba tajiri anakataa kwa glasi? Anindya hakuuliza.

"Safi sana, Bu. Sasa kila kitu kinakwenda chenyewe."

Marsih akajisikia fahari, na palepale akaitazama meza yake kama mtu anayeaga.

Jumatatu iliyofuata, ombi la kwanza kwenye mfumo mpya lilikuwa la Anindya. Marsih aliliona likipita, maana yeye ndiye aliyepewa kuusimamia mfumo mpaka mwisho wa mwezi. "Kuondoa meza ya mapokezi ya maombi. Bu Sumarsih ahamie ghala la Kartasura kuanzia tarehe mosi." Alilisoma mara mbili. Liliandikwa vizuri, bila ubaya wowote, na liliuma vibaya sana. Alilipenda lile dude la Bata, hapo ndipo palipomuuma zaidi. Alikuwa amelitengeneza kwa mikono yake, na lilikuwa linafanya kazi bila kosa. Akafungua droo akaanza kutoa vyake: dawa ya kuchua, ushungi wa akiba, kandambili, pipi za tangawizi.

Saa moja ilipita. Kisha Anindya akaja akiwa amefungua laptopu.

"Bu, mfumo umeharibika. Ona."

Juu ya fomu, katikati ya neno Kartasura, palikuwa na duara la kahawia. Marsih alilitazama, akashika ukingo wa meza.

"Haujaharibika, Mbak."

"Sasa hii nini?"

"Ni jibu."

"Jibu gani? Ndiyo au hapana?"

Marsih naye ni mtu wa Solo. Angemwambiaje mtoto wa tajiri? Bahati nzuri Giyarto alikuwa anapita na mikrofoni yake.

"Mbak kapata duara!" akapiga kelele. "Pole, pole sana! Umekataliwa hiyo, tena kavu. Mimi ninayo saba, njoo nikuonyeshe."

Anindya hakucheka. Aliendelea kutazama skrini, kidole kikiwa kwenye lile pengo la upande wa kulia, kisha akavuta kiti cha plastiki akaketi taratibu.

"Barua yangu ya Melbourne," alisema. "Ya udhamini. Nilimletea baba hapa hapa aitie saini. Akaipokea, akasema nzuri sana. Jioni nikaichukua mwenyewe mezani kwake, ina duara hili, lina pengo hapa hapa. Nikasema baba naye, mchafu tu. Nikampelekea mama akasaini, nikaondoka."

Giyarto aliishusha mikrofoni.

"Kumbe alinikatalia."

"Alikukatalia, Mbak," Marsih alisema.

"Miaka sita, Bu! Kila nikipiga simu ananiuliza kama nimekula, basi, ananyamaza. Nilijua hajali." Akamgeukia Marsih. "Wewe ulikuwepo. Mbona hukuniambia?"

"Siku ile uliingia moja kwa moja," Marsih alisema. "Barua haikupita mezani kwangu."

Anindya aliitazama ile meza, na vile vitu vilivyopangwa juu yake, na mlango uliofungwa nyuma yake. Akaifunga laptopu.

"Yupo?"

"Yupo," Marsih alisema, akamkabidhi birika. "Glasi yake tupu."

Anindya akapiga hodi, akaingia. Marsih akarudisha kandambili zake kwenye droo.