Vichwa vya Dagaa

Dagaa nimewaanika tangu sijaolewa. Kichanja changu kiko hatua kumi kutoka ziwani, na anayesema dagaa wangu wana mchanga, siku hiyo tunajuana. Sasa nesi wa kliniki, binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu, ananiambia mjukuu wangu ana njaa!

"Njaa? Kwangu mimi? Uji anakunywa mpaka tumbo linakuwa ngoma!"

Alinionyesha mizani. Kilo saba na nusu, mwezi wa tatu huo, haijasogea. Mwaka na nusu, na mume wangu huyo, maana wajukuu ndio waume zetu, alikuwa hajasimama hata kwa kushikwa.

"Mwezi ujao isipopanda, bibi, namwandikia akalazwe hospitali kubwa."

Moyo ulinipasuka. Binti yangu alikwenda kutafuta kazi akaniachia mtoto mikononi. Ningemwambia nini?

Nesi akanusa. "Bibi, unanuka dagaa."

"Na wewe unanuka dawa. Kila mtu na kazi yake."

Akacheka. "Mtoto anawala?"

"Thubutu! Sisi waanikaji, ukila dagaa wako, watu wanasema umeshindwa kuuza. Waliovunjika na vichwa anachukua mwenye kuku."

"Ndiyo maana kuku wamenona. Saga wazima, bibi. Kichwa, mifupa, vyote. Chekecha, kisha kijiko kimoja kwenye uji, kila mlo."

Nilitoka nimefura. Lakini mwenye shida hachagui mshauri. Nilifunga mlango nikatwanga polepole, majirani wasisikie. Siku ya kwanza mume wangu alitema, akanitazama kama nimemtukana. Siku ya nne alining'ang'ania kijiko.

Wiki ya tatu nilikuwa nageuza dagaa kichanjani, yeye kakaa kwenye kanga chini. Nikasikia anaguna kwa juhudi. Nikageuka. Alikuwa ameshika mguu wa kichanja, magoti yanatetemeka, anajivuta. Loo! Sikumsogelea, niliogopa hata kupumua. Alisimama. Akanyoosha mkono, akachukua dagaa mmoja, akaanza kumtafuna kuanzia kichwani.

Machozi yalinitoka. Samaki wa urefu wa kidole, ambaye akianguka tunamfagia, amemsimamisha mtu!

Kliniki, nesi alinisogeza kwenye mizani nijisomee. Kilo nane na robo. Niliisoma mara tatu. Nikamwita "mama", binti mdogo yule, na sikuona aibu.

Nyumbani sikuingia ndani. Nilizunguka nyuma ya kichanja, mtoto mgongoni. Pale kuna kaburi dogo. Kabla ya mama yake huyu wa mgongoni nilizaa mwingine, naye alikunywa uji wangu mweupe miaka miwili bila kusimama. Tulisema Mungu amempenda zaidi. Na ziwa lilikuwa pale pale, linaleta dagaa kila asubuhi, nami nawajaza maguniani wakale watu wengine. Niliyatazama maji yale, kisha nikainama nikang'oa magugu kaburini.

Mwenye kuku alinikuta hapo, gunia tupu begani. "Mama, vichwa viko wapi leo?"

"Vimepata mwenyewe."

Kisha nikatoa kinu nje, nikakiweka karibu na kaburi, nikatwanga kwa nguvu zangu zote ili majirani wasikie.