Kifuniko cha Rimoti

Tangu Fundi Waya apooze mkono wa kulia, nyumba yake ilikuwa na sheria moja: asikataliwe neno. Aliyeianzisha ni daktari, siku ya kumruhusu kwenda nyumbani. Alimvuta mke wa Fundi kando, pale kwenye ndoo za kupigia deki, akamwambia, "Mama, mzee asikasirishwe. Moyo wake uende taratibu."

Mkewe watu walimwita Mama Pindo, maana kazi yake ilikuwa kukunja na kushona pindo za suruali na sketi. Alikuwa mtu wa kufuata kipimo. Maneno ya daktari aliyachukua kama anavyochukua urefu wa mguu wa mteja, hakuzidisha wala hakupunguza. Mzee akisema dirisha lifungwe, lilifungwa, hata kama joto ni la kuivisha mayai. Akisema leo ni Jumanne, basi ilikuwa Jumanne mpaka jua lizame, hata kama kengele za Jumatano zimeshalia.

Kabla ya ugonjwa, Fundi Waya alikuwa msuka mota. Walimletea mota za pampu, za feni na za mashine za kusaga, zimeungua, zinanuka. Yeye alizitoa matumbo, akaondoa waya uliokufa, akasuka mpya, mzunguko juu ya mzunguko, umelala sawasawa kama nywele za mtoto zilizochanwa vizuri. Kwa kujifurahisha alichonga kiboti cha mbao nyembamba, kinachotosha kupakatwa kama mtoto mchanga, akakipaka rangi ya buluu iliyobaki baada ya kupaka mlango. Ndani alitia mota ndogo na betri nzito kama tofali. Kiliendeshwa kwa rimoti, nacho kilikwenda kama bata aliyeshiba.

Nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa zamani palikuwa na bwawa lenye kuta za saruji. Kila Jumapili asubuhi wazee wenye viboti walikutana pale. Mkubwa wao kwa maneno alikuwa Mzee Kofia, karani mstaafu ambaye hakuvua kofia hata akisinzia. Yeye alikuwa na boti jekundu la kununua, lenye kelele kama nyuki.

"Fundi," alikuwa akisema, "hicho ni chombo, au ni sahani iliyomponyoka muosha vyombo?"

Zamani Fundi Waya alicheka. Baada ya ugonjwa hakucheka tena.

"Nataka kiende," alimwambia mkewe. "Kiende mpaka Kofia avue kofia."

Mama Pindo hakuuliza kwa nini. Mtu ambaye vifungo vya shati tu vinammalizia asubuhi nzima haulizwi kwa nini anataka kitu cha mbio.

Vifaa vililetwa na mdogo wake Fundi. Huyu alikuwa muuza matairi, nao walimwita Matairi, na mwili wake nao ulikuwa umevingirika kwa kulinda jina. Alileta mota mpya isiyotumia brashi za kaboni, kisanduku cha kuigawia umeme, na rimoti mpya, kwa sababu ile ya zamani haikusikilizana na vitu vya kisasa. Mama Pindo alishona mkanda wa kuning'iniza rimoti shingoni, ili kidole gumba cha kushoto kisukume kijiti cha mwendo, na kile cha kulia, kile kigonjwa, kijitahidi na kijiti cha usukani. Kufungua kifuniko cha nyuma na kutia betri za rimoti ilikuwa kazi yake pia, maana kilibana sana, kilitaka mikono miwili.

Mezani yeye ndiye alikuwa mkono wa kulia wa mumewe. Alishika waya, mume akalehemu kwa mkono wa kushoto.

"Shika kama unashika pindo," alimwambia, "usishike kama unashika kuku anayetaka kukimbia."

"Kuku hanichomi, baba. Hiki chuma kinanichoma."

"Basi ujue nilivyochomwa miaka yote nikikununulia cherehani."

Walicheka wote wawili. Hapo nyumba ilikuwa nyumba.

Jumapili ya majaribio, Fundi Waya alisukuma kijiti na kiboti kikaruka. Hakikuondoka, kiliruka, pua hewani, nyuma yake maji yamefumuka kama pamba ya mto uliochanika. Kikaelekea ukutani. Kidole gumba cha kulia kilitakiwa kugeuza, nacho kilichelewa, kikatetemeka juu ya kijiti kama mgeni asiyejua mlango ni upi. Fundi aliachia mwendo mapema kidogo tu, kiboti kikaugusa ukuta kwa upole.

"Umeona?" aliuliza, akicheka. "Umeona mwendo?"

Mama Pindo aliona kifua. Kilikuwa kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbizwa na mbwa, na uso umekuwa wa rangi ya jivu.

Kesho yake, mzee akiwa amejilaza mchana, Matairi alikuja, akafungua kifuniko cha rimoti. Kando ya betri palikuwa na kidude cha kuzungusha, kidogo kama kishikizo cha shati la mtoto.

"Ukikirudisha nyuma hivi, shemeji, hata asukume kijiti mpaka mwisho, boti linapata nusu ya nguvu. Kifuniko hawezi kukifungua. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe ni mke. Kujua na kunyamaza ndiyo kazi yenyewe."

Mama Pindo alikirudisha kwa ukucha. Alijiambia ni kama kuipunguza suruali ya mtoto mpaka akue.

Jumapili iliyofuata kiboti kilienda vizuri, kwa adabu, kikakata kona bila shida. Matairi alipiga makofi. Lakini Fundi Waya aliondoka bwawani amekunja uso.

"Kimepoteza nguvu," alisema.

Akaanza kazi. Alibadili pangaboi la kusukuma maji, akaweka la shaba na kulinoa majani yake mpaka yakakata karatasi. Aliinyoosha shafti inayolizungusha, akaipaka grisi. Ile betri ya tofali aliitoa, akatia nyepesi ya lithiamu, akaisogeza nyuma ili pua inyanyuke na tumbo lisilambe maji. Aliviringisha bomba jembamba la alumini kuizunguka mota, maji ya bwawani yapite humo na kuipoza. Kila kitu alikifanya kwa mkono mmoja na nusu, mke ameshika. Na kila kiboti kilipozidi kupata nguvu, Mama Pindo alikwenda na rimoti jikoni kana kwamba anaifuta vumbi, akakirudisha tena kile kidude. Ikawa mmoja anajaza pipa, mwenzake ametoboa chini, nao wanakula sahani moja.

Bwawani kiboti kilikwenda vilevile. Mzee Kofia aliuliza kama sahani imeanza kuota kutu.

Mama Pindo alidhani mumewe atachoka, aache. Hakujua kuchoka kwake kungekuja kwa mlango upi. Kwanza aliacha utani mezani. Kisha akawa anafungua kazi iliyo sawa na kuifunga upya, anapima waya aliokwisha kuupima, midomo ikihesabu bila sauti. Siku moja aliweka bisibisi chini.

"Kwa hesabu zangu kinatakiwa kuruka," alisema. "Na hakiruki. Kumbe daktari aliangalia mkono tu. Kichwa nacho kimepooza."

Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa habari ya msiba wa jirani. Mama Pindo alitaka kukiri, akaukumbuka ule moyo, akaichukua bisibisi na kuifuta.

Wiki hiyohiyo alikuja jirani mwenye bustani ya mboga, mota ya pampu yake imeungua. Tangu atoke hospitali Fundi alikuwa akipokea kazi chache, mkewe akimshikia. Aliinusa ile mota. Mama Pindo alimjua: akishanusa, ameshaujua ugonjwa na dawa yake.

"Peleka kwa mwingine, mama," alisema. "Mimi sijui tena."

Jirani alimtazama Mama Pindo. Mama Pindo akatazama sakafu.

Alikwenda mpaka dukani kwa Matairi, akamkuta amekalia tairi kama kigoda. Alimwambia anataka kusema ukweli.

"Useme nini?" Matairi aliuliza. "Ukisema, na moyo ukasimama, tutamzika nani, wewe au mimi?"

"Kwani sasa hivi unadhani tunafanya nini?"

 Matairi alisukuma tairi kwa mguu, likaviringika, likaanguka peke yake.

Mama Pindo alirudi nyumbani, akamkuta mumewe ameziingiza zana zake zote kwenye gunia: koleo, bisibisi, chuma cha kulehemu, mpaka lile jiwe la kunolea. Kiboti kilikuwa juu ya meza, rimoti kando yake.

"Nishonee mdomo wa gunia hili," alisema. "Shona uzi mnene. Nisije nikazitamani."

Sheria ya nyumba ni sheria. Mama Pindo alileta sindano ya magunia, akakata uzi, akautia mate, akaupitisha tunduni. Alishika mdomo wa gunia. Ndani, kitu kiligongana na kingine, ting, sauti aliyoisikia tangu siku ya kuolewa. Akaichomeka sindano kwenye kanga yake, kifuani.

"Hapana," alisema.

Fundi Waya aligeuza shingo. Neno lenyewe lilikuwa limesahaulika mle ndani, kama mgeni asiyefika miaka mingi.

Mama Pindo aliichukua rimoti, akaibana kwa mikono miwili, kifuniko kikatoka. Akamwekea mbele. "Kichwa chako ni kizima, baba. Ubovu uko hapa. Kidude hiki kinapunguza nguvu. Nilikuwa nakirudisha mimi."

Mzee aliinama. Alitazama muda mrefu, mpaka maji ya chai jikoni yakachemka na kumwagikia moto.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile kilipogusa ukuta."

"Nilipoweka pangaboi la shaba?"

"Lilikuwa zuri. Nikarudisha."

"Na betri niliposogeza nyuma?"

"Pua ilitaka kunyanyuka, baba. Nikarudisha tena."

"Na mdogo wangu anajua?"

"Anajua."

Mama Pindo alikuwa anakitazama kifua chake, amejiandaa kupiga kelele kuita majirani. Kifua kilipanda, kikashuka. Moyo ulikuwa unakwenda.

"Mama watoto," alisema hatimaye, na sauti haikupanda, "nilikuwa najichimbia kaburi, na jembe unanipokeza wewe."

Mama Pindo alikwenda kuepua sufuria ya chai. 

Jumapili walikwenda bwawani bila kuzungumza njiani. Matairi aliwafuata, amebeba kiboti, macho chini. Kwenye ukingo, Fundi Waya alimnyooshea mkewe rimoti.

"Kile kidude kizungushe mpaka mwisho. Nikione."

"Kaka," alisema Matairi, "kuna ukuta kule."

"Ukuta ulikuwepo siku zote. Sikuwepo mimi."

Mzee Kofia alikohoa. "Fundi, leo sahani imekuja kuoshwa?"

Mama Pindo alikizungusha kidude kwa ukucha, akamrudishia rimoti, Fundi Waya akasukuma kijiti. Waliokuwepo walisema baadaye kwamba hawakukiona kiboti kikiondoka, waliona mstari tu. Maji yaligawanyika pande mbili na hayakuwahi kufungana. Kidole gumba cha kulia kilijaribu. Kilijaribu kweli, Mama Pindo alikiona kikisukuma, kikiteleza, kikirudi. Cha kushoto kilikuwa na nafasi ya kuachia mwendo. Hakikuachia. Kiboti cha buluu kilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye saruji, mlio wake ukawa mkavu, kama fimbo iliyovunjwa gotini.

Matairi aliingia majini na viatu vyake. Alirudi na vipande, ubavu mmoja, pua iliyopasuka, na kitako kilichobeba mota bado. Fundi Waya hakuuangalia ubao. Alipeleka mkono wa kushoto kwenye mota, akaufunika juu yake kama mtu anayempima mtoto homa.

"Ya baridi," alisema. "Bomba limefanya kazi."

Nyuma yao Mzee Kofia alikuwa amesimama, kofia mkononi, upara wake mweupe kuliko alivyodhani mtu yeyote. 

Siku iliyofuata Fundi Waya aliagiza mota ya pampu irudishwe. Jirani aliileta kwa toroli. Gunia likafunguliwa, zana zikarudi mezani, kila moja kwenye alama yake ya vumbi. Rimoti ilikaa juu ya kabati. Kifuniko alikiondoa mzee mwenyewe kwa meno, akaacha kikalala kando, na betri zikabaki wazi. Mama Pindo alipotaka kukirudishia, alimwambia, "Kiache."

Moyo haukusimama. Daktari, kwa hilo, alikuwa ameogopa zaidi ya kipimo.

Kazi ilipofika kwenye kusuka, mkono mmoja haukutosha. Alijaribu kuubana waya kwa jiliwa, likauponda. Alijaribu kukanyaga ncha kwa kiatu. Mama Pindo alikuwa dirishani na suruali ya mteja mapajani, anashona pindo ambalo lilikwisha, anasubiri kuitwa. Zamani asingesubiri, angekwenda tu.

"Mama watoto. Njoo ushike."

Alikwenda haraka, akaubana waya kwa vidole viwili, kama pindo. Mumewe akaanza kuzungusha, kisha akasimama.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Umeshika kweli?"

Miaka yote ile hakuwahi kuuliza mara mbili. Mama Pindo alisema ameshika kweli. Fundi Waya aliuvuta waya kwanza, kidogo, kuhakikisha, ndipo akaendelea kusuka.