Macho ya Ujombani

Mwaka ambao mitumba ilianza kumiminika Dodoma, Leonard alitandaza meza ya mashati sokoni Majengo. Biashara ilimwendea vizuri mpaka macho yalipomgeuka. Katikati ya kila alichokitazama palikaa ukungu. Pembeni ndipo alipoona. Alimuuzia mwalimu mmoja shati jekundu akiapa kwamba ni la kahawia. Ili amwone mtu ilimbidi amtazame kwa pembe ya jicho, na wake za watu wakaanza kumshtaki kwa waume zao kuwa anawakonyeza.

Mama yake, Generosa, alikuja kutoka Hombolo na jibu mkononi.

"Umeanza gongo kama mjomba wako."

"Mama, hata bia sijawahi kuonja."

"Na kaka Yotham alisema hivyo hivyo."

Yotham alipoteza macho ujanani, na kijiji kizima kiliamini ni gongo. Hakuna aliyewahi kumwona akinywa, lakini hilo lilionyesha tu jinsi alivyokuwa fundi wa kujificha.

Hospitalini, Daktari Evelina aliuliza kama ujombani kuna mwingine. Generosa alisita.

"Yupo kaka yangu. Ila yeye ni pombe."

"Mleteni."

Yotham alikuja amevaa suti. Daktari aliwapima wote wawili, kisha akawaeleza. Jicho lenyewe ni zima. Kilichokufa ni mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Ugonjwa huo hurithiwa kwa mama. Watoto wake wote huubeba, ingawa si wote wanaougua, na wanaume ndio hushikwa zaidi. Mwanamume hampi mwanawe.

"Dawa yake?" Leonard aliuliza.

"Hatuna. Lakini mara nyingi pembeni hubaki."

"Daktari," Yotham alisema, "rudia pale pa pombe."

"Sijataja pombe."

"Hapo hapo."

Generosa alianza kulia. "Kumbe ni mimi."

"Hukuchagua, mama," Leonard alisema, akamshika mkono. Ulikuwa wa mjomba, naye Yotham akauhamishia panapostahili.

Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, Generosa alisimama akaeleza yote. Mzee Bartolomayo, aliyemsema Yotham kuliko wote, aliomba radhi. Yotham alimsamehe, ila kwanza alimwomba asogee karibu na kwaya arudie, nao wasikie.

Leonard alirudi mezani. Dada yake Yudith akawa msemaji wa rangi. Yotham naye alikuja kukaa nao kwa muda, amfundishe mpwa wake kumimina chai.

"Weka kidole ukingoni mwa kikombe. Ikikugusa, acha."

Leonard alimimina, akaruka. "Ya moto."

"Ndiyo chai, mjomba."