Mtabiri wa Kuomba Radhi

Mtabiri wa hali ya hewa aliingia ofisini, akatundika mkoba nyuma ya mlango, akakamua pindo la sketi yake ndani ya ndoo. Mvua ikiwa njiani, nguo zake zilikuwa zikilowa mapema, kabla tone la kwanza halijadondoka. Wenzake walishazoea, na ndoo ile mfagizi alimtengea yeye.

Kutabiri hakutabiri tena. Ilitabiri mashine, na ikausoma utabiri redioni kwa sauti yake, maana ilimsikiliza miaka mingi hadi ikamshika sawasawa, mpaka kile kicheko chake kidogo cha mwisho. Yeye alibakizwa kwa jambo moja tu: mashine ikikosea, aombe radhi. Mashine haina uso wa kuonea haya, na watu lazima wapate wa kumlaumu. Kazi ndiyo hiyo, na wapo walioililia.

Asubuhi hiyo halikulowa pindo tu. Kabla ya chai alikuwa amelowa hadi kifuani, tena maji ya matope. Akaenda kwa mkuu wake.

"Mashine inasemaje?" mkuu akauliza.

"Jua."

"Basi ni jua. Na usinikanyagie zulia, mama."

Akampigia simu mdogo wake, aliyepanga chumba bondeni, kando ya mfereji.

"Toka huko leo. Njoo ulale kwangu."

"Dada nawe! Si umetangaza jua sasa hivi? Nimekusikia mwenyewe, hadi ukacheka. Nimeshaloweka nguo."

"Yule si mimi."

"Haya, si wewe," mdogo mtu akasema, kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa, akarudi kwenye beseni lake.

Jioni mvua ikashuka, na bonde likaenda na maji.

Kesho yake mtabiri alifika kazini mkavu. Studioni alimkuta mdogo wake kwenye kiti cha wageni, anachuruzika, beseni mapajani. Fundi mitambo alimwomba marehemu asogee kidogo, asiloweshe nyaya, akamwekea ile ndoo ya ofisini miguuni. Mkuu alichungulia mlangoni, akasema yaliyopita si ndwele, akaenda zake.

Mtabiri akasoma alichoandikiwa: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Kuongeza neno hakuruhusiwa. Hakuongeza.

Mdogo wake alisikiliza hadi mwisho.

"Leo ndiyo wewe," akasema.

"Ndiyo mimi."

Sauti yake ikaendelea redioni bila yeye, ikatangaza kwamba kesho ni jua, ikacheka kidogo. Pindo la sketi likaanza kudondosha maji. Mdogo mtu akamsogezea ndoo.