Mwaka Tuliouza Hata Mpunga wa Kula

Mume wangu Samran si mjinga. Naanza na hilo kwa sababu nitakayoyasimulia yatawafanya mdhani hivyo, na mimi mwenyewe nilimwita hivyo mwaka ule mpaka ulimi ukachoka.

Huku kwetu kila nyumba hulima mpunga wa aina mbili. Wa kunukia tunauza. Wa kunata tunakula asubuhi, mchana na jioni, na asiyeupata siku nzima husema hajala, hata kama ameshiba tambi. Mpunga wa kuuza hupita uani tu ukaenda mashineni. Wa kula hupandishwa ghalani, mlango ukafungwa, na hakuna wa kuugusa mpaka siku ya tatu baada ya mwezi wa tatu kuandama, ndiyo siku ya kufungua maghala. Wazee husema siku hiyo vyura hawana midomo. Nilipokuwa mdogo nilimkamata mmoja nikamkagua. Mdomo alikuwa nao, na mama akanichapa kwa kumsumbua chura siku ya heshima.

Miaka hiyo serikali ilikuwa ikinunua mpunga kwa bei ambayo baba yangu asingeiamini. Unapeleka mpunga mashineni, unapewa karatasi, unaipeleka benki, na baada ya siku chache fedha ziko kwenye akaunti. Misimu ya kwanza ilikwenda hivyo, tukanenepa kijiji kizima. Jirani yangu Sawai alinunua jokofu la milango miwili akalijaza barafu, maana hakuwa na kingine cha kutia.

Wakati wa mavuno ya mwaka ninaousema, mimi sikuwepo. Nilikuwa Chonburi, mji wa pwani ulio mbali na kwetu, kwa binti yetu Orathai, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Huku nyuma Samran akakaa na akili zake akapiga hesabu. Serikali inanunua hata mpunga wa kunata. Bei yao inaishinda ya sokoni kwa mbali. Basi ya nini kukaa na mali ghalani? Auze wote, asubiri kidogo, fedha ziingie, anunue wa kula sokoni kwa bei chee, na chenji iezeke paa. Aliacha mtungi mmoja jikoni wa kutusogeza mpaka siku ya kufungua ghala. Uliobaki wote akaupakia kwenye gari, akafagia sakafu ya ghala, akarudi amevimba kifua.

Nilipofika nyumbani alinipokea mzigo, jambo ambalo halifanyi.

"Mama Orathai, usipande ghalani kwanza," akasema. "Kaa unywe maji."

"Ghalani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Yaani hakuna kitu kabisa. Nimeuza."

"Umeuza mpunga wa kula?"

"Nimeuza vizuri. Ngoja uone fedha zikiingia, utanipigia magoti."

"Na mbegu?"

Akajikuna shingo. "Mbegu nazo si mpunga?"

Sikunywa yale maji. Nilipanda ngazi nikaona sakafu inavyong'aa, nikashuka, na siku hiyo alilala na njaa pamoja na hesabu zake.

Fedha hazikuingia. Mwanzoni yule binti wa benki alisema wiki ijayo, kwa sauti nzuri. Halafu akasema baada ya mwaka mpya. Halafu akaacha kusema, akawa anaonyesha kidole tangazo lililobandikwa mlangoni kwamba serikali haijaleta fedha na wakulima wawe na subira. Subira ya nani? Mchele wetu ulikuwa umelala kwenye maghala yao, wanasiasa walikuwa wanagombana mji mkuu, na sisi tunaambiwa subira na watu wanaopokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Samran alikwenda na wenzake kufunga barabara kuu kwa matrekta. Alirudi amebabuka uso kwa jua, na karatasi yake ile ile mfukoni.

Kila nyumba ilikuwa inadai. Bunloet, fundi pikipiki wa mtaa wetu, alikuwa anadai. Sawai na jokofu lake alikuwa anadai. Ila wao walikuwa wameuza wa kuuza tu. Wa kula ulikuwa ghalani, juu ya nguzo zake, unawangoja. Mjanja wa mtaa mzima alikuwa mmoja, na mimi ndiye niliyeolewa naye.

Mtungi wa jikoni ukaanza kuonyesha kitako, na siku ya kufungua maghala ikawa inakuja. Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Njaa naijua, mtu anaweza kula viazi vitamu na majani. Lakini siku hiyo wanawake wa mtaa hutembea pamoja nyumba kwa nyumba, ghala kwa ghala, kuanzia mwisho wa njia mpaka kwangu karibu na kisima. Kila mwenye nyumba huwasha mshumaa, humwomba radhi Mama Mpunga, roho anayeulinda mpunga wetu, hufungua mlango, na wote wanatazama ndani. Ghala tupu siku hiyo maana yake Mama Mpunga amekufukuza au umemfukuza. Mwenye ghala tupu huongelewa mpaka wajukuu zake wanaoa. Nami, sitaficha, nilikuwa nimewaongelea wengi.

Samran akajaza pumba kwenye magunia, akayapanga nyuma ya mlango yakafika dirishani.

"Wakichungulia wataona magunia," akasema.

"Na wakiniambia nichote?"

"Basi useme tumbo linauma. Ulale."

"Nilale siku ya kufungua ghala? Si afadhali nife kabisa."

"Basi nenda kaombe kwa Sawai."

"Kaombe wewe uliyeuza."

Hakwenda, sikwenda. Yeye aliona haya kwa alilolifanya. Mimi nilikuwa na kiburi tu, cha kuzaliwa. Katika mtaa ule hakukuwa na mwanamke niliyekuwa sijamrushia neno. Na Bi Khamfong, mjane wa nyumba ya pili, hatukuwa tunasemeshana tangu nyati wake wa kulimia alipoingia shambani kwangu akala miche yote ya mipapai, nami nikasema maneno kuhusu nyati na mwenye nyati ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wageni.

Siku ilipofika niliamka mapema nikasuka maua ya sadaka kama kawaida. Nilisikia milango ya maghala ikifunguliwa kule mwisho wa njia, na wanawake wakicheka. Nikakaa kwenye ngazi ya ghala langu. Samran alijifanya anatengeneza baiskeli ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Wa kwanza kutokea alikuwa Sawai. Alikuwa na mti begani na kikapu cha mpunga kila upande, anayumba kwa uzito.

"Dada, nimekuja kubadilishana," akasema.

Sikuelewa. Wanaobadilishana ni watu wa vijiji vya mtoni, ambao mashamba yao hufurika. Hao huja na samaki wao wakaondoka na mpunga. Jirani habadilishani na jirani.

"Kubadilishana nini?"

"Samaki wako wa mtungi, wale uliowachachusha kwa chumvi. Mume wangu kagoma kula wangu, eti wananuka kama soksi. Nipe bakuli moja."

"Bakuli la samaki kwa vikapu viwili? Umeota?"

"Usinipangie bei, nina haraka." Akapanda ngazi, akanipita pale nilipokaa, akasukuma mlango. Aliyaona yale magunia. Akalipiga moja teke, likaruka mpaka ukutani, jepesi lile. Akamimina mpunga wake sakafuni, akashuka.

Nyuma yake akaja Bunloet na gunia. Yeye alitaka kuazima paka wangu, kwa sababu panya walikuwa wanatafuna nyaya za pikipiki za watu. Paka wangu ni mzee, meno hana, na Bunloet anajua, maana ndiye anayemtupia mifupa. "Atawatisha kwa sura," akasema. Mwingine alitaka mkeka wangu uliochakaa. Mwingine alitaka pilipili, na pilipili zake mwenyewe zilikuwa zinaiva uani nikiziona kutoka pale nilipo. Kila mmoja alikuja na uongo wake mdogo, akamimina, akaondoka na kitu cha kipuuzi mkononi. Samran aliacha kugusa baiskeli. Alikuwa amesimama na spana, machozi yanamtoka, wala hayafuti.

Wa mwisho alikuwa Bi Khamfong. Alikuwa anavutiwa mkokoteni na yule nyati, na juu yake magunia yamefungwa kamba, kuzidi ya wote. Alisimama mbele ya ngazi akaniangalia.

"Nataka miche ya mipapai," akasema. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza kwangu baada ya muda wote ule.

"Bi Khamfong..."

"Ile ya siku ile mimi sikuionja. Alionja huyu."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nikamuuliza waliambiwa na nani.

"Tuambiwe na nani? Kuku wako wote wamehamia chini ya ghala langu tangu mavuno. Kuku hawakai chini ya ghala ambalo halidondoshi punje. Mnajaza pumba mnadhani mnadanganya watu, na kuku wanapita njiani wanawatangaza." Akamgeukia Samran. "Na wewe mwanangu, usisimame hapo na spana. Pakua. Gunia lenye kamba nyekundu usilile, ni mbegu."

"Mama, sisi..." Samran akaanza.

"Pakua, nyati anachoka."

Tulipomaliza, nilifunga mlango wa ghala, maana haukuwa umefunguliwa kwa heshima. Wale wanawake walikuwa wamerudi, wamesimama uani na vitu vyangu vya kipuuzi mikononi, mmoja mkeka, mmoja bakuli la samaki wanaonuka. Niliwasha mshumaa, nikaweka maua. Nilimwomba Mama Mpunga radhi kwa niaba ya mume wangu na kwa niaba ya ulimi wangu. Kisha nikafungua, na wote tukatazama ndani, na mpunga ulikuwepo. Hakuna aliyeshtuka. Sawai akasema, kwa sauti ya mtu anayeuona mara ya kwanza, "Mwaka huu mmevuna vizuri, dada."

Nilichota kikapu tukakoboa, tukaupika kwa mvuke, uwe sadaka ya watawa wa hekaluni. Ulikuwa mpunga wa nyumba nyingi, na kila mbegu ina moto wake. Mwingine ulilainika mapema, mwingine ukabaki mgumu katikati. Hekaluni niliutia kwenye bakuli la mtawa nikiona aibu. Bi Khamfong alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Alichukua tonge kwenye kikapu changu, akatafuna.

"Umepika vibaya," akasema.

"Ulio mgumu ni wako."

"Basi tafuna polepole."

Tulikula mpunga ule kila siku, na mwisho niliweza kuujua kwa meno. Huu wa Bunloet, huu wa Sawai. Samran alikuwa akila kando yangu, na mimi sikumwita mjinga tena, maana ningemwitaje nikiwa na mpunga wa watu mdomoni?

Fedha za serikali ziliingia mvua zilipokuwa zimeshaanza, mbegu ya Bi Khamfong imeshachipua shambani. Ziliingia zote, hakikupungua kitu. Ghalani mulikuwa bado na wa kutufikisha mavuno. Kabla ya kugusa paa tulikwenda sokoni tukanunua mpunga wa kunata, mzuri, wa mbegu moja, tukaupakia kwenye mkokoteni ili tupite nyumba kwa nyumba kurudisha.

Tulianza kwa Sawai. Alikuja mlangoni akaangalia gunia.

"La nini hilo?"

"Mpunga wako, mdogo wangu."

"Wangu si ulikuwa wako? Samaki nimekula, dada. Nikirudishiwa mpunga na mimi nikurudishie samaki nitawatoa wapi?" Akaturudishia mlango.

Bunloet alisema paka alifanya kazi vizuri. Mwenye mkeka alisema ameshaukatakata, hana cha kurudisha, kwa hiyo asirudishiwe. Mkokoteni ulikuwa haujapungua hata gunia moja tulipofika kwa Bi Khamfong. Alikuwa amekaa uani anachambua majani ya mboga, na mipapai ilikuwa imeshika nyuma yake, inanipita kimo.

"Bi Khamfong," nikasema, "fedha zimeingia. Wewe hasa usinikatalie. Magunia yako ndiyo yaliyokuwa mengi. Na ile mbegu."

"Kwani nakudai?"

"Unanidai, ndiyo."

"Niliomba miche, ukanipa miche. Iko hiyo hapo. Ukitaka mpunga urudi, kaing'oe miche yako uondoke nayo." Akaendelea kuchambua majani. "Nenda nyumbani, Lamphai. Mvua inakuja, mpunga wenu utalowa."

Mimi ni mtu ambaye hajawahi kukosa jibu, muulizeni yeyote, lakini siku ile nililikosa. Serikali ilikuwa inadaiwa nasi, na ikalipa, nami sikuishukuru hata kidogo, kwa sababu ilikuwa haki yangu. Hawa walinilisha wakati nao mifuko yao ni mitupu, na tangu asubuhi ile ya kwanza walikuwa wameshapanga nisiwe na deni kwao. Nawashukuru, na kulipa siwezi, wamenizibia kila mlango wa kulipia. Samran akageuza mkokoteni, nami nikamfuata nyuma nalia kwa sauti, katikati ya mtaa, watu wakituona.