Mto Uliopigwa Pasi

Muuza mkaa wa mlango wa pili anasema aliona kwa macho yake mawili. Alikuja na gunia, akamkuta binti mdogo wa dobi ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, kitabu kimefunguliwa sakafuni. Binti akaingia humo, miguu kwanza, kama mtu anayevaa suruali.

“Nikamwambia mama yake, ‘Mwanao kazama.’ Akaniuliza kama mkaa ni mkavu.”

Mkaa ulikuwa mkavu. Na mama alikuwa na habari. Tangu baba yao afariki, mdogo mtu alikuwa akilia hata akichana nywele, mpaka alipoazima shuleni hadithi ya msichana anayetafuta mji ambako sauti za marehemu hufugwa kama njiwa. Sasa akitoka shule huingia humo. Hurudi wakati wa chakula, macho makavu, anakula vizuri.

Dada mtu hakuwa na pa kuingia. Baba alipozikwa, pasi ilitaka mkono, na yeye alikuwa ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba. Mara moja alijaribu kitabu. Kurasa zilimkubali hadi vifundoni. Kisha mama akaita, “Wee, kola za mwalimu!” Akatoa miguu, akaifuta, akaenda kwenye kola.

Alimwonea mdogo wake kijicho, na kijicho ni kama kaa: ukilifunika majivu linakaa zaidi.

“Umefika?” alikuwa akimuuliza kila jioni.

“Bado, dada. Kuna mto. Una maji mengi, nami sijui kuogelea.”

Hapo roho ya dada mtu ilikuwa ikitulia kidogo.

Siku moja kitabu kililowa, maji ya mto yakichuruzika hadi kwenye mashuka ya watu. Mdogo mtu alikuwa bado ndani.

“Kipige pasi,” mama alisema. “Cha shule hicho, kisituozee.”

Dada mtu alijua kazi. Kitu chepesi huwekewa kitambaa juu, na pasi hupita bila kukaa. Hakuweka kitambaa. Aliikandamiza pasi kwa uzito wake wote, huku akimwazia mabaya mdogo wake aliye humo ndani. Mvuke ukapanda ukinuka tope na kambare. Aliendelea mpaka karatasi ikawa ya kahawia.

Jioni mdogo mtu alitoka, vumbi mpaka magotini, anacheka.

“Dada, huko jua limewaka, mto umekauka wote! Nimevuka kwa miguu. Nimemsikia baba.”

Mama aliweka sahani chini. “Anakohoa bado?”

“Hakohoi. Anacheka kile kicheko chake cha puani.”

“Afadhali,” mama alisema, akarudi kwenye beseni.

Dada mtu aliitazama pasi. Hata kwa ubaya, kazi yake ilikuwa imemnyooshea njia mdogo wake yuleyule.

“Kesho ni Jumamosi, huna shule,” alimwambia mdogo wake taratibu. “Nishikie pasi mpaka adhuhuri tu. Na mimi nikamsikie.”

Mdogo mtu alimtazama mama. Mama alikuwa akinyunyizia maji shati la mtu, akiligeuza mkono huu, akiligeuza mkono ule.

“Mama,” dada mtu alisema. “Mpaka adhuhuri tu.”

Mama alilikunja shati, akaliweka juu ya rundo, upande wa pasi, mbele ya dada mtu.